Nafasi Iliyotembea

Feni ikilazwa chali hunguruma kwa sauti isiyo yake. Alasiri ile tuliilaza kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, juu ya matofali manne ili ivute hewa kwa chini, tukaipandishia beseni la plastiki lililokatwa kitako. Ndani ya beseni, chini kidogo ya mdomo, mpwa wangu alitandaza wavu wa waya wa matundu madogo, akaufunga pande zote hadi ukakaza kama ngozi ya ngoma. Kisha akanyoosha mkono aniombe vipira. Vilikuwa dazeni 6, vipira vyeupe vya mpira wa meza nilivyoletewa kutoka Mombasa. Nilipoupokea mfuko wa vipira hivyo pale gatini nilidhani sijapewa kitu.

Kipira kimoja cha mchezo huo kina uzito wa gramu 2.7 na kipenyo cha milimita 40. Zamani kilikuwa milimita 38. Kilikuzwa mwaka 2000 ili mwendo wake upungue na watazamaji wakione vizuri. Beseni letu lina kipenyo cha sentimita 40, mara 10 ya kipira, kwa hiyo eneo lake ni mara 100 ya kivuli cha kipira kimoja. Hesabu hiyo ilitupendeza. Kila kipira kilichoingia kilijaza sehemu moja kwa 100 ya uwanja, na hatukuhitaji karatasi kujua tumefika wapi.

Yote yalianza kwa swali. Mpwa wangu yuko kidato cha 3, na jioni moja alikuja na kitabu chake cha fizikia akanionyesha picha ambayo kila aliyepita darasani ameiona: visanduku vitatu vyenye nukta. Katika cha kwanza nukta zimebanana, nacho ni yabisi. Katika cha pili zimelegea, nacho ni kimiminika. Katika cha tatu zimetawanyika, nacho ni gesi. "Mjomba," akaniuliza, "hizi nukta zinajuaje kwamba sasa ni maji?"

Nilikosa la kumjibu. Mimi pia nilifundishwa kwa picha ile, nikaichora kwenye mtihani, nikapewa alama zangu, wala halikunijia wazo la kuuliza. Nukta ni ile ile katika visanduku vyote vitatu. Hakuna hata moja iliyobadilika. Basi kilichobadilika ni nini?

Jaribio la kwanza lilitutia aibu. Tuliweka kipira kimoja, tukawasha feni, nacho kikashika ukingo wa beseni na kuuzunguka bila kuchoka, kama ngamia aliyekuwa akizungusha kinu cha mafuta ya simsim hapa mjini enzi za wazee wetu. Upepo wa feni hautoki ukiwa umenyooka. Hutoka umesokotwa na mapanga. Mpwa wangu alikata vipande vya kadibodi, akavichanja na kuvipachika msalaba kwa msalaba mpaka vikawa vyumba vidogo vya mraba, kama vile vigawanyo vya boksi la chupa, akavilaza kati ya feni na wavu. Upepo ukalazimika kupanda vyumbani ukiwa umenyooka. Tukarudisha kipira.

Safari hii kilitulia muda wa kuvuta pumzi moja. Kikatikisika. Kikajivuta upande wa kibla, kikasita, kikarudi, kikaelekea upande wa bahari, kikasita tena, kikakata kona ambayo sikuitarajia. Hakikuruka, upepo wetu haukuwa na nguvu ya kukiinua. Kiliviringika tu juu ya waya, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Tulikikodolea macho kimya. Upepo ulitoka chini kwenda juu, na hakuna aliyekisukuma kushoto wala kulia.

Jibu la hilo nilikuwa nikilikanyaga kila siku bila kulitambua. Maji yanapojaa au kutoka katika mlango kati ya kisiwa chetu cha Amu na kile cha Manda, simama gatini uangalie nguzo moja. Mkondo unaifikia ukiwa laini, unagawanyika, na nyuma ya nguzo huzaliwa visulisuli vya maji: kimoja kushoto, kingine kulia, kwa zamu, kila kimoja kikijiondokea na kwenda zake. Theodore von Kármán, Mhungari aliyezaliwa Budapest, aliieleza zamu hiyo kwa hisabati mwaka 1911. Kila kisulisuli kinachobanduka huacha msukumo mdogo wa pembeni kwenye nguzo. Nguzo imepigiliwa ardhini, haijali. Kipira cha gramu 2.7 kinajali sana. Tena kwa kuwa ni duara na upepo unakipita kwa kasi, zamu yenyewe huvurugika, kisulisuli hubanduka upande wowote, na kipira hupigwa kofi dogo asilolijua hata anayelipiga.

Mwaka 2004 Douglas Durian na wenzake huko Marekani walichapisha katika jarida la Nature walichokiona kwa kipira kimoja kama chetu, kikiwa ndani ya chekeche, upepo ukikipuliza kutoka chini. Chekeche, kitu ambacho kila jiko la pwani linacho. Walikirekodi, wakapima kila mtikisiko, wakakuta kinafuata kanuni zile zile zinazofuatwa na chembe ndogo kabisa ielayo ndani ya maji. Ile ambayo Robert Brown, mwanabotania wa Uskoti, aliiona ikichezacheza chini ya hadubini mwaka 1827, na ambayo Albert Einstein aliieleza mwaka 1905 kuwa inapigwa na molekuli za maji kutoka kila upande. Kipira ni kikubwa mno kuhisi joto la chumba. Lakini visulisuli vya upepo vilishika kazi ya joto. Vilikifanyia kipira kile ambacho molekuli hulifanyia vumbi, na hesabu zikakubali. Nilipomsomea mpwa wangu habari hizo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo hiki ni nukta ya kitabuni." Ndivyo. Nukta ya kitabuni iliyokua hadi ikaonekana kwa macho, na joto lililokua hadi likasikika masikioni.

Tuliweka simu juu ya stuli, ikitazama chini, tukarekodi. Usiku alichukua karatasi ya miraba akatia alama mahali kilipokuwa kipira kila baada ya nusu sekunde. Mchoro uliotoka ulikuwa kama uzi uliochezewa na paka. Mwendo wa namna hii una ukarimu mdogo: ukienda hatua 100, kila hatua ukigeukia upande wowote bila mpango, kwa kawaida utajikuta hatua kama 10 tu kutoka ulipoanzia. Hatua 10,000 zitakufikisha kama 100. Ukitaka kufika mbali mara mbili, lipa muda mara nne.

Sisi watu wa pwani hatukulelewa na upepo wa aina hiyo. Upepo wetu una majina na majira, na kila jina lina upande. Kaskazi ikishika mwishoni mwa mwaka iliwaleta manahodha kutoka Uarabuni na Ghuba, kusi iliwarudisha. Jahazi lililoondoka Maskati halikuhesabu hatua zake kwa kipeuo cha pili. Lilikwenda. Ndiyo maana tunapofikiria upepo tunafikiria kubebwa: pande gani, lini, kwa nguvu gani. Nenda Shela wakati wa kusi, ufukwe ule mrefu chini ya vilima vya mchanga, uone vibonge vya povu vikikimbia juu ya mchanga kimoja nyuma ya kingine, vyote upande mmoja, vikipungua kadiri vinavyokwenda hadi vikatoweka. Na vilima vyenyewe ni kazi ya upepo, chembe kwa chembe, na chini yake ndimo yalimo maji baridi yanayolisha visima vya mji. Upepo unaobeba umetujengea mji na kutunywesha.

Lakini ndani ya upepo ule ule kuna mwingine usiobeba. Unatikisa tu. Huo hatukuupa jina, na nadhani ni kwa sababu hautoki popote na hauendi popote. Hauna faida kwa nahodha. Bibi yangu alikuwa akiujua, ingawa hakuuita chochote. Alikuwa akishona mito ya sufi. Aliketi hapa hapa kiwandani na gunia lake, akaichambua sufi kutoa mbegu, na vibonge vyepesi vikamtoka vidoleni vikapanda. Kiwanda cha nyumba zetu ni kisima cha hewa. Kuta ndefu pande zote, mbingu juu, na upepo wa baharini ukipita juu ya dari humwaga mizunguko yake humo ndani. Vibonge vya sufi havikwenda mahali. Vilielea, vikashuka, vikapanda tena, vikaenea. Baada ya muda vilikuwa kila pembe, kwenye zidaka, juu ya mtungi, kwenye nyusi zake. Mimi nilikuwa mtoto, nikachukua kipepeo nimsaidie kuvikusanya kwa kuvipepea upande mmoja. Akanikataza kwa upole. "Viache, mwanangu. Ukivipepea vitazidi kuenea." Nilidhani ni lugha ya mtu mzima aliyechoka. Kumbe ilikuwa fizikia kamili: mimi nilitaka kubeba, lakini kipepeo changu kilikuwa kikitikisa.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya jambo hili kuliko vitabu vinavyotumia. Harufu ya udi huenea: hujaa nyumba nzima bila kupungua chumbani ilikoanzia, au ndivyo pua inavyodai. Habari husambaa. Mafuta yaliyomwagika hutapakaa. Watu hutawanyika, na hapo kuna aliyewatawanya au shughuli iliyokwisha. Vipira vyetu, vilipokuwa 10 katika uwanja wa 100, vilisambaa. Sikuona neno lingine. Kila kimoja kilikuwa na safari yake, na kwa nadra vilikutana. Tena vilipokaribiana vilikwepana kabla ya kugusana. Hewa inayopita pembeni ya kimoja humsukuma mwenzake, na hao kina Durian walilipima pia jambo hilo: vipira ndani ya upepo huogopana kwa mbali. Hii ndiyo ilikuwa gesi yetu. Mpwa wangu aliandika ukutani kwa chaki: 10.

Tukaongeza. Kwenye 30 bado kila kipira kiliweza kufika popote, lakini sasa kwa kuomba njia. Kwenye 50 sikuweza tena kukifuata kimoja kwa jicho bila kuwahesabu jirani zake. Kilijongea nao, kikabanwa nao kidogo, kikapata mwanya, kikabadilisha majirani, kikatulia tena kati ya wapya. Tulikipaka kimoja rangi ya hina ili tukitambue. Kilichukua muda mrefu kuvuka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, lakini kilivuka. Hayo yalikuwa maji. Hakuna aliyekiambia.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kosa la ile picha ya kitabuni. Picha inamwacha mwanafunzi aamini kwamba nukta za yabisi zimegandishwa kwa gundi, kwamba kuvutana ndiko kunakozishika. Mara nyingi kupo kweli. Lakini mwaka 1957 Berni Alder na Thomas Wainwright, kwa kutumia kompyuta za kwanza za Marekani, walijaza sanduku la hesabu kwa tufe zisizovutana hata chembe, zisizojua lolote ila kugongana. Walipozikaza vya kutosha, zikajipanga zenyewe zikawa yabisi. Msongamano peke yake ulitosha. Wanafizikia wengi wa wakati ule walishindwa kulikubali jambo hilo, nami nawaelewa.

Vipira vya upepo vimelionyesha hilo mezani. Huko Hispania, katika Chuo Kikuu cha Extremadura, Francisco Vega Reyes na wenzake waliweka vipira vya mpira wa meza juu ya wavu wa chuma, wakapuliza upepo kutoka chini, wakavirekodi kwa kamera ya kasi. Walichapisha matokeo mwaka 2021. Kwa kubadilisha msongamano na nguvu za upepo waliviona vipira vile vile vikiwa gesi, vikiwa kimiminika, vikijipanga kwa pembesita kama sega la nyuki, na vikikwama ovyo bila mpangilio kama kioo kilivyo. Jambo la kioo ndilo linaloniuma zaidi. Fuwele, ule mpangilio wa pembesita, ina utulivu wake. Kila mmoja ana majirani sita na anajua zamu yake. Kioo ni kimiminika kilichonaswa. Ukikipiga picha utasema ni maji. Ukikitazama saa nzima, hakiendi.

Nimekuwa ndani ya kioo. Mwezi wa Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, wageni huja kutoka pwani yote, na baada ya zefe, yale maandamano ya sherehe, watu hurudi mjini kwa vichochoro. Usita wa Mui, njia yetu kuu, punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Mwaka mmoja nilijikuta pale, kanzu kwa kanzu, bega kwa bega, kila mmoja akiwa na nguvu za kutosha na hamu ya kwenda nyumbani, na hakuna aliyekwenda. Hatukuwa tumesimama. Hilo ndilo ninalolikumbuka: tulikuwa tukiyumba wote, kushoto kidogo, kulia kidogo, mbele nusu unyayo, nyuma nusu unyayo. Tulikuwa na joto lote duniani. Tulichokosa ni kitu kimoja. Kisha mzee aliyekuwa mbele yangu akapanda kwenye daka la nyumba fulani, akaketi kwenye kibaraza chake cha mawe akipangusa jasho. Mahali aliposimama pakabaki wazi kwa nukta moja ya saa. Aliyekuwa mbele yake akarudi nusu hatua kumpisha mtoto, mtoto akapita, nyuma yake mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu tulipoingia nikainua mguu wangu na kuuweka mahali pengine.

Waliojenga mji huu waliyaacha madaka yale kila mlango. Tunayasifu kwa nakshi za milango iliyo ndani yake na kwa adabu ya kumpokea mgeni nje kabla ya kumkaribisha ndani. Sifa hizo ni za haki. Ila mimi sasa nikipita nayaona kama pumzi za njia. Wanaojenga siku hizi na kusogeza ukuta hadi ukingo wa njia ili wapate duka la futi nne hawajui wameziba nini, nami natamani wangesimama siku moja pale Usita wa Mui, Mfungo Sita, baada ya zefe.

Nafasi ni neno la ajabu. Tunalitumia kwa mahali: hakuna nafasi kwenye mashua. Tunalitumia kwa wakati: sina nafasi leo. Tunalitumia kwa bahati: amepata nafasi ya kusoma. Na asili yake ya Kiarabu ni jamaa ya pumzi. Ningeweza kumjibu mpwa wangu kwa neno hilo moja. Nukta hazijui lolote, mwanangu. Zina nafasi au hazina.

Sikumjibu hivyo. Nilimwacha aendelee kuongeza. Kwenye 65 mwendo ulikuwa umeshakufa kwa kiasi kikubwa; kile kipira cha hina kilikuwa kikicheza ndani ya ngome ya majirani zake, kikiwagonga mmoja mmoja bila kutoka. Akaviweka saba vya mwisho kwa kuvibonyeza taratibu. Vikafika 72. Mngurumo wa feni ukabadilika, ukawa mzito, kwa kuwa upepo sasa ulipenya kwenye mianya. Kwa dakika kadhaa vilitetemeka katika vurugu. Kisha, bila mkono wa mtu, vikaanza kusogea kama jamaa wanaopanga safu za sala. Karibu na ukingo vilifuata mviringo wa beseni, havikuwa na hiari. Lakini katikati niliona ua moja: kipira kimoja na sita wakikizunguka. Kisha la pili pembeni yake. Mpwa wangu alikuwa amepiga magoti, pua yake karibu kuugusa wavu, jasho likimdondoka, na akawa anahesabu kwa sauti ya chini, sita, sita, tano, sita.

Jua lilikuwa limeshaondoka kwenye ukuta wa kiwanda. Nilimwambia amalize, magharibi inakaribia. Akasema, "Kimoja tu, Mjomba," nikadhani anataka kuongeza. Akanyoosha vidole viwili akakichopoa kipira kutoka katikati kabisa ya ua, akakishika kiganjani.

Tundu likabaki, jeusi kati ya weupe, upepo ukilipanda wazi. Jirani mmoja akatetemeka ukingoni mwake, akasita, akaingia. Tundu sasa lilikuwa pale alipotoka. Akaingia mwingine, wa upande wa pili. Tundu likahama tena. Lilikwenda upande wa kibla, likasita, likarudi, likakata kona. Niliujua ule mwendo. Tuliuchora kwenye karatasi ya miraba, wa kipira cha kwanza peke yake katika uwanja mtupu. Vipira 71 vilikuwa vimekaa mahali pao, kila kimoja kikisogea mara moja tu kisha kikitulia, na katikati yao nafasi ilikuwa ikitembea.

Muadhini akaanza. Mpwa wangu hakuzima feni, nami sikumwambia. Tundu lilikuwa limebakisha vipira viwili kufika ukingoni.